Alama Mia Mbili Zenye Jina Langu

Editha mwanangu,

Nimekutuma kwa bibi ukamuage mapema kwa sababu nilitaka nyumba iwe tupu. Namjua mama yangu, hatakuacha uondoke kabla hujala, kwa hiyo nina kama saa tatu. Tranka lako liko mlangoni limefungwa kamba. Habari za chandarua, sabuni na kutowaazima watu viatu ameshakueleza yeye, kwa Kiha na kwa Kiswahili, nami sina la kuongeza. Barua hii inahusu mstari mmoja tu kwenye fomu ya shule ya bweni unayokwenda Kasulu.

Unaujua mstari wenyewe. "Mlezi wa karibu, awe mkazi wa Kasulu." Jana ulinikuta nimeshika kalamu juu yake, ukasema, "Andika Anko Festo." Nikasema hapana. Ukauliza kwa nini, nikakujibu kwa sauti ambayo mwenyewe siipendi, "Kwa sababu mama yako ni mimi." Ndipo ukaweka sufuria chini ukaniambia jambo ambalo kumbe umelibeba miaka miwili: "Anko aliniambia. Zile taa ulizikosea wewe, yeye akakufichia aibu. Na bado unamchukia."

Nilitoka nje nikaanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Nilidhani nilishamaliza kuhesabu alichonichukua Festo. Sikujua kwamba alipita na kwako. Alikuchukua pembeni, mtoto wa miaka kumi na moja, akakupa siri ya kumtunzia, na siri yenyewe ni mimi. Usiku mzima nimekuwa nikijiuliza ni siku gani. Labda ni siku ile alipokuja huku Kibondo, akakuleta kutoka shule kwa pikipiki ukaingia kimya, nami nikadhani ni homa.

Sasa nitakueleza, na nitajitahidi nisimfanye mbaya kuliko alivyo. Alikupenda, hilo sitaligeuza. Ulipougua malaria ile kali alikubeba mgongoni kutoka pale pikipiki ilipokwama kwenye tope, akafika hospitali viatu vimebaki njiani. Ninayasema haya kwanza ili usije ukafikiri nimeyasahau.

Nilikuzaa nikiwa nimetoka tu kufanya mtihani wa kidato cha nne. Bibi akakulea ili mimi niende chuo cha ufundi. Niliporudi na diploma ya elektroniki nilikuwa na kiburi cha mtu aliyesoma kwa jasho la mwingine, yaani nilitaka kila mtu aone kwamba halikupotea. Festo alikuwa na karakana Kasulu, nyuma ya soko, anatengeneza redio na kuuza taa za sola. Alikuwa na mikono mizuri na mdomo mzuri. Mimi nilikuwa na kompyuta na kichwa. Tukapendana, tukaanza kutengeneza vidhibiti vya chaji, zile bodi ndogo zinazokaa kati ya paneli, betri na taa. Ndipo nikakuchukua kwa bibi ukaja kuishi nasi.

Ulikuwa ukipenda kusimama nyuma yangu ukitazama kioo cha kompyuta. Uliniuliza mara moja, "Mama, mbona transista umeichora kama chura?" Kwenye mchoro wa saketi kitu hakichorwi kama kilivyo. Kinawekewa alama. Transista, kile kipuri kidogo cha kuongoza umeme, ni duara lenye mistari mitatu, na kila mstari unabeba namba ya mguu mmoja wa kitu chenyewe. Alama ikisema mguu wa kwanza ndio mtoaji, yaani unaotoa umeme, basi bodi nzima itaamini hivyo. Programu yetu ilikuja na maktaba ya alama za vipuri vya Ulaya, vipuri ambavyo Kasulu havipo. Vyetu vilitoka kwenye maboksi ya dukani kwa Mzee Salumu, na majina yaliyoandikwa juu yake yalidanganya mara kwa mara.

Mzee Salumu unamkumbuka, mwenye duka la vipuri karibu na msikiti, aliyekuwa akikupa tende. Baba yake alikuja kutoka pwani, akafungua duka la nguo, yeye akaligeuza la redio. Siku ya kwanza nilipofika kwake na orodha yangu ya chuoni alinitazama juu ya miwani, akanisalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, fundi. Unataka transista au unataka jina la transista?"

"Si ni kitu kimoja, Mzee?"

"Haya, shika hizi mbili. Zisome usoni. Jina lile lile, sivyo? Sasa lete mita yako."

Nikapima. Jina lilikuwa moja, lakini miguu ilikuwa imepangwa tofauti. Ya kushoto ilianza na mtoaji, ya kulia ilianza na mkusanyaji, mguu unaopokea umeme. Viwanda viwili, jina moja. Akacheka mpaka akakohoa. "Chuoni wanawafundisha kusoma. Hapa dukani tunapima."

Kwa miezi minne nilikuwa nikienda kwake kila Jumamosi na daftari. Kila boksi jipya nilichukua vipuri vitatu, nikavipima, nikaandika mstari mmoja: jina, boksi, mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ile programu haikunilazimu kuchora kwa kipanya tu. Ilikuwa na mlango ambao kupitia huo unaiandikia maagizo kwa lugha ya kompyuta, nayo inatekeleza. Nikaandika skripti iliyosoma daftari langu mstari kwa mstari na kuunda alama: weka duara, weka miguu, ipe kila mguu namba yake, weka jina la kipuri. Nilipoibonyeza mara ya kwanza, alama zikajipanga kwenye kioo moja baada ya nyingine bila mimi kugusa kitu, na wewe ukapiga makofi. Sijawahi kufurahi vile tangu siku hiyo. Zilikuwa alama mia mbili na kidogo. Ndani ya kila alama kuna sehemu ya maelezo ambayo haionekani kwenye mchoro, ni mpaka uibofye. Hapo skripti iliandika: Mchoraji, Domitila.

Nilimfundisha Festo kuiendesha. Nilitaka awe nami ndani yake.

Kisha ukaja mradi wa taa za zahanati. Wafadhili walikuja kuona karakana, nami nikatoka kuwachemshia chai. Niliporudi na birika, mgeni mmoja alikuwa amebofya alama mojawapo na dirisha dogo limefunguka. Nikasoma nikiwa nimesimama nyuma yao. Mchoraji, Festo. Akabofya nyingine. Festo. Nikamimina chai.

Walipoondoka nikamuuliza, "Jina langu liko wapi?"

"Mama Editha, usiwe mtoto. Wale wanataka kuona mtu mmoja anayejua kazi yake. Tukiipata ni yetu sote."

"Umebadilisha moja moja?"

Akacheka kwa furaha ya kweli, kama mwanafunzi aliyepata swali. "Moja moja? Si ulinifundisha mwenyewe? Mistari minne tu!"

Mistari minne. Kwa kila alama iliyomo kwenye maktaba, nenda sehemu ya mchoraji, futa kilichopo, weka hiki. Miezi minne ya Jumamosi zangu, naye labda alimaliza kabla chai haijachemka.

Hapa ndipo lilipo kosa langu la kwanza, nami sitalipamba. Nilinyamaza. Alikuwa ameshakwenda Kibondo kujitambulisha kwa bibi, wewe ulikuwa umeanza kumwita baba ukijisahau, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa mwanamke ambaye watu humuuliza baba wa mtoto yuko wapi. Nikajiambia jina ni herufi tu. Mtu akianza kujiambia maneno ya namna hiyo, mwanangu, ujue ameshaumia.

Kazi tukaipata. Haraka ikaingia. Siku moja Festo akarudi na boksi la transista alilolipata kwa mchuuzi mmoja mnadani, upande wa mpakani, kwa kuwa Mzee Salumu alikuwa ameishiwa. Nilinyoosha mkono nichukue mita.

"Acha, nimeshazipima."

"Ngapi?"

"Zote, mama. Vidole vimeota sugu. Ziko kama zile za zamani. Ingiza tu."

Nikaingiza. Niliandika kwenye daftari mstari wa miguu ambayo sikuigusa. Nililikuta daftari hilo wiki iliyopita nikitafuta vyeti vyako. Mistari yote imeandikwa kwa kalamu ya bluu na pembeni kuna alama ya vema niliyoweka baada ya kupima. Ule mmoja hauna vema. Hata siku ile mkono wangu ulijua.

Ungeweza kufikiri kwamba kosa kama hilo lingeonekana papo hapo. Halikuonekana. Transista ukiigeuza, mkusanyaji ukauweka mahali pa mtoaji, haikatai kazi. Inafanya kazi kwa nguvu kidogo huku inachemka. Mezani tulijaribu kila bodi kwa balbu moja, ikawaka, tukapiga picha. Kila zahanati ilikuwa na balbu sita. Wiki ya pili bodi zilianza kuungua, na kwa kuwa skripti ilikuwa imepeleka kosa lile lile kwenye kila mchoro, ziliungua zote, kama watu waliokubaliana.

Kikao kilifanyika Kasulu, kwenye ukumbi wa mradi. Muuguzi wa zahanati moja ya upande wa Nyakitonto alisimama wa kwanza. Mwanamke mfupi, hana haraka.

"Nilimzalisha mama kwa tochi ya simu niliyoishika kwa meno," alisema. "Mtoto alitoka mzima."

Mwenyekiti akasema, "Tumshukuru Mungu."

"Mshukuruni ninyi. Mimi meno bado yananiuma."

Watu walicheka, na nadhani alikusudia wacheke ili asilazimike kutufokea sisi. Mwenyekiti akauliza nani alichora. Festo akainuka na kompyuta yangu, akaiunganisha na projekta, akasema kwa upole, "Tusigombane, kompyuta haisemi uongo." Akabofya alama ile ya transista. Ukutani, herufi kubwa kama mkono: Mchoraji, Domitila. Akabofya nyingine, na nyingine. Zote Domitila.

Alikuwa amenirudishia jina langu.

Chini ya dirisha kulikuwa na mstari mdogo ambao hakuna mwingine mle ndani aliyejua kuusoma. Ulisema faili limebadilishwa asubuhi ile ile, saa moja na dakika kumi. Saa hiyo nilikuwa nimekuketisha kwenye kigoda nakusuka nywele, naye alikuwa amekaa mezani na kompyuta. Ulimwomba aimbe, akaimba. Alikuwa anaimba, Editha, huku anaandika mistari minne.

Nilimtazama. Alikuwa anakunywa maji.

Ningeweza kusema pale pale. Ningeweza kuwaonyesha ule mstari mdogo, kuwaeleza habari ya boksi la mnadani. Lakini niliona jinsi nitakavyoonekana, mwanamke anayegombana na mwanamume wake mbele ya wafadhili. Mwenyekiti akaniuliza, "Basi, mama, hivi vipuri mlivitoa wapi?"

Nikasema, "Vipuri huwa tunanunua kwa Mzee Salumu."

Soma tena sentensi hiyo. Kila neno lake ni kweli. Huwa tunanunua kwake. Na nilijua vizuri kabisa nilichokuwa nafanya. Mzee hakuwepo ukumbini, hakuwa na wa kumsemea, na watu wote walishusha pumzi kwa pamoja: kumbe ni vipuri feki. Festo aliinua macho, akanitikisia kichwa kidogo, kama mtu anayemkaribisha mwenzake nyumbani. Hicho ndicho kitu kibaya kuliko vyote alivyonifanyia, na hakukifanya yeye.

Mradi ukaacha kununua kwa Mzee. Vijana wa stendi wakaliita duka lake "Kwa Feki." Mwezi uliofuata nilikuchukua tukarudi Kibondo, nikapata kazi ya kufundisha fizikia, na ulipouliza tumeondoka kwa nini nikakwambia bibi anaumwa. Kwa hiyo Festo alipata mtoto asiye na maelezo yoyote, akampa ya kwake. Sehemu tupu niliiacha mimi.

Wiki iliyopita, nilipokwenda Kasulu kununua tranka na sare zako, nilikwenda dukani. Nilizunguka soko mara tatu kwanza. Mzee amepungua mwili. Mkewe, Bi Mwajuma, ndiye anayekaa kaunta.

Mzee akaniona kutoka ndani. "Fundi wa kike! Leo umekuja kununua au kusingizia?"

Bi Mwajuma akamwambia, "Salumu, mwache akae kwanza."

"Akae wapi? Kwenye duka la feki? Nguo zake zitachafuka."

Nilisema nikiwa nimesimama. Nilisema boksi halikuwa lake, kwamba nilijua siku ile ile, na kwamba nilimtaja kwa sababu hakuwepo. Sikumtaja Festo. Nilikuwa nimejizoeza njiani nisimtaje, maana ningeanza na yeye nisingemaliza.

Alipanga rezista kwenye kopo kwa rangi zake. Kisha akasema, "Nilijua. Boksi langu hutoki nalo bila kunipigia mita hapa mbele yangu. Nilikusubiri uje useme. Mwezi wa kwanza nilikusubiri kwa hasira. Baadaye nikawa nakusubiri tu."

"Nisamehe, Mzee."

"Mimi nitakusamehe, umri wenyewe hauniruhusu kubeba vitu vizito. Lakini hukunisingizia humu ndani. Ulinisingizia kule. Nenda kaseme kule."

Nilikwenda. Mwenyekiti wa mradi ni yule yule. Nilimwandikia kurasa mbili, nikatia sahihi, nikamwachia na nakala ya ukurasa ule wa daftari wenye mstari usio na vema. Alisoma, akasema, "Mwalimu, unajua nikilipeleka hili juu, shuleni kwako nako watalisikia?" Nikamwambia najua. Kwa hiyo huenda ukiwa bwenini utasikia habari zangu kabla sijakuandikia tena. Nimetaka uzisikie kwangu kwanza. Kwa mara hii nimewahi.

Nilirudi dukani kumwambia Mzee kwamba nimesema. Hakunisifu. Ila Bi Mwajuma alinisindikiza mpaka stendi akiwa amenibebea mfuko wa sare zako, akauliza binti anaanza lini, na ni nani atakayemtazama. Nikamwambia sijui. Akasema, "Mimi na wewe bado tuna maneno yetu, sitakuficha. Lakini mtoto sina ugomvi naye. Kuna Jumapili ya wageni pale, nitapita."

Jina nililoandika kwenye fomu ni lake. Najua utakasirika. Kasirika, una haki. Sikumwandika Festo, na sababu si zile alama, wala ule mradi, wala ndoa ambayo haikufungwa. Ni kwamba alichukua mtoto anayempenda akamtumia kufichia kitu. Mtu aliyefanya hivyo mara moja siwezi kuandika jina lake mahali ambapo shule itampigia simu ukiwa mgonjwa na huwezi kujisemea.

Lakini sikukatazi kumwona. Atakuja, amemwambia bibi atakuja, na atakuletea vitu. Mpokee. Mshukuru kwa ile siku ya malaria, nami namshukuru. Usimwambie nimesema nini, wala usigombane naye kwa ajili yangu. Nimechoka kuwa kitu ambacho watu wawili wanakinong'onea. Na usiniamini mimi tu, maana sasa umeona ninavyoweza kupanga maneno ya kweli yakatoa uongo.

Siku mkiwa mmekaa, ameshacheka, ameshakuuliza masomo, muulize jambo moja tu, kwa sauti yako ya kawaida: "Anko, lile boksi la mnadani, uliipima hata transista moja?" Kisha nyamaza. Usimsaidie kujibu, hata ukimwonea huruma, na utamwonea.

Atakachokujibu usiniletee. Ni chako.

Nasikia sauti yako barabarani, unacheka na bibi, kumbe amekusindikiza. Nafungua kamba ya tranka, barua naiweka juu kabisa ndani yake, juu ya sweta, ili uione ukifungua tu bwenini.

Mama yako,
Domitila